Dalili na Chanzo: Historia ya Upungufu wa Forbush Inavyosomeka kutoka Kibaha na Kisarawe

Tarehe 10 Mei 2024 dhoruba ya sumaku ilifikia daraja la juu kabisa, G5, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003, na vituo vya upimaji duniani vikaonesha kupungua kwa miale ya kosmiki. Tarehe 12 Mei intaneti ilizorota nchini Tanzania. Mkazi wa Kibaha au Kisarawe aliyeyahusisha matukio hayo hakukosa sababu, lakini alikosea: tatizo lilitokana na hitilafu ya kebo za baharini za EASSy na Seacom, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Makala haya yanadai kwamba wanafizikia nao walikabili mtego huohuo, wa kudhani kuwa matukio yanayoambatana huzaana, kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1937 Mmarekani Scott Forbush alilinganisha kumbukumbu za Cheltenham, Maryland, na za Huancayo, Peru. Wakati wa dhoruba ya sumaku ya Aprili mwaka huo, ukali wa miale ulishuka katika vituo vyote viwili. Ushahidi wa Huancayo ulikuwa na uzito wa pekee. Katika latitudo za chini za sumaku, ambamo Kibaha na Kisarawe zimo pia, uga wa Dunia huzuia chembe zenye nishati ndogo. Zinazofika ni zile zenye nishati kubwa. Kwa hiyo hata chembe hizo zilikuwa zimeathirika.

Maelezo ya awali yaliutafuta mzizi karibu na Dunia, hasa katika mkondo wa umeme unaoizunguka wakati wa dhoruba. Mwaka 1956 Philip Morrison alipendekeza chanzo kingine: mawingu ya gesi yenye sumaku yanayotoka kwenye Jua. Vipimo vya ardhini pekee havikutosha kuamua. Uamuzi ulipatikana baada ya Pioneer 5 kurushwa tarehe 11 Machi 1960. Kikiwa umbali wa takriban kilomita milioni 5, nje kabisa ya uga wa Dunia, chombo hicho kilirekodi upungufu uleule mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili.

Ilidhihirika, basi, kwamba dhoruba ya sumaku na upungufu wa miale ni ndugu wa tumbo moja, si mzazi na mtoto. Kwa mwanahistoria wa sayansi, kulingana kwa tarehe hufungua swali, hakulifungi.