Sifuri na Mgawo Usio na Jawabu

Msimu wa korosho ufikapo, mtoto wa Lupaso, kule Masasi, akikaa chini ya mkorosho na korosho 12 mbele yake mchangani, hahitaji ubao wala chaki ili afahamu kugawanya: huzitoa tatu tatu, na akishatoa mara nne, chini hapabaki kitu. Mwambie sasa azitoe kwa mafungu ya sifuri. Atanyosha mkono na kuurudisha mtupu, mara mia, mara elfu, mpaka jua lichwe, na korosho zitakuwa ni zile zile 12.

Neno lenyewe lilitufikia kwa njia ya pwani, kama sita, saba na tisa, kutoka kwa Waarabu, ambao kwao sifuri ni kitu kitupu. Nao walikuwa wakifasiri neno la Wahindi lenye maana hiyo hiyo. Na ni huko Bara Hindi mushkili ulikoanzia. Mwanafalaki Brahmagupta, katika kitabu chake cha mwaka 628, aliweka kanuni za sifuri, nyingi zikiwa sahihi, lakini alipofika kwenye kugawanya akanena kwamba sifuri kwa sifuri ni sifuri. Karne mbili baadaye Mahavira alidai kuwa idadi iliyogawanywa kwa sifuri haibadiliki, kauli ambayo mtoto wetu angeitia ila papo hapo, maana zile 12 zilizolala mchangani si hisa, ni baki. Bhaskara wa karne ya 12 akasema jawabu halina kikomo, akalifananisha na Mungu asiyepungua wala kuzidi. Maneno matamu, walakini si hesabu.

Kwani 12 kwa 3 ni 4 kwa sababu 4 mara 3 ni 12, na hakuna idadi ambayo ikizidishwa kwa sifuri itazaa 12. Ama sifuri kwa sifuri, hapo kila idadi yafaa, 5 sawasawa na 500. Lau mgawo huo ungeruhusiwa, ingekuwa wepesi kuthibitisha kwamba 1 ni sawa na 2, na mkulima aliyepeleka ghalani magunia 2 angelipwa fedha za gunia 1 kwa hoja isiyo na kasoro.

Mashine nazo hazikusalimika. Mwezi wa Septemba 1997, ndani ya Yorktown, manowari ya Marekani, baharia aliingiza sifuri mahali pasipostahili, kompyuta ikajaribu kugawanya kwayo, mitambo ikazimika, na chombo kile kizito kikabaki kikielea baharini bila mwendo.