Swali la Mbunge na Mfuko wa Serikali
Waingereza waliunda Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1926, na hadi 1945 hakuna Mwafrika aliyeketi humo. Mkulima alilipa kodi ya kichwa, asiwe na wa kumwulizia imejenga zahanati gani. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, haki ya kuuliza ni tunda la mapambano ya umma, wala si hisani.

Lakini tupambanue swali na fedha. Mwaka 1971 Serikali ililenga kwamba ifikapo 1991 wananchi wa vijijini wapate maji safi ndani ya mita 400. Mwaka huo ulifika, vijiji vingi havina bomba. Ibara ya 63 ya Katiba ya 1977 inamruhusu mbunge kumwuliza Waziri. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia matumizi yasiyopendekezwa na Rais kupitia Waziri. Yaani aulize kisima kiko wapi, asikitengee hata shilingi! Likikataa bajeti, ibara ya 90 inamwezesha Rais kulivunja.

Waziri hujibu, "fedha zikipatikana", na makofi hupigwa, hata na makada. Mbunge aliyesoma makadirio ya wizara huuliza vingine: zilizopitishwa mwaka jana ni ngapi, na zilizofika wilayani ni ngapi? Hapo Waziri hana budi kutaja tarakimu.