Mvua, Viwanda na Mito ya Dar es Salaam

Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha ukaingia baharini chini ya Daraja la Selander. Urefu wake ni kilometa 35 hivi. Upande wa Temeke, mto Kizinga hushuka vivyo hivyo hadi Mtoni. Mito hii miwili midogo ndiyo iliyopewa kazi ambayo haikuandikwa katika mpango wowote wa mji: kupokea kila kitu ambacho mvua ilikikokota kutoka katika nyua za viwanda.

Viwanda vya Chang'ombe na vya Barabara ya Pugu, ambayo sasa huitwa Barabara ya Nyerere, vilikuwako kabla ya Azimio la Arusha. Baada ya Azimio hilo la 1967 vikazidi kuongezeka. Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Lakini mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, nazo halmashauri za miji hazikurudishwa mpaka 1978. Basi katika miaka ile ile ambayo mashine zilikuwa zikiongezeka, mfereji wa barabarani ulikosa mwenyewe. Kosa hili halisemwi sana, nalo lilikuwa kubwa.

Watu wakitaja uchafu wa kiwanda huwaza bomba. Bomba lina mdomo, na mdomo huonekana. Maji ya mvua hayana mdomo. Tangu Juni hadi Septemba vumbi la chuma, mafuta ya magari, masizi na mabaki ya rangi hujilaza juu ya mabati na sakafu. Mvua za vuli zinapoanza, saa ya kwanza huchukua sehemu kubwa ya akiba hiyo na kuitia mtoni. Ajabu ni kwamba nchi za Ncha ya Kaskazini, ambazo hazina masika wala vuli, zina msiba wa namna hiyo: theluji hukusanya taka za viwanda wakati wote wa baridi, kisha huyeyuka kwa siku chache na kuziachilia zote pamoja. Huko ardhi iliyoganda hainywi maji. Huku sakimenti na lami hazinywi pia. Wataalamu waliopima maji na udongo wa bonde la Msimbazi wamekuta risasi na kromiamu, na bondeni humo ndimo mchicha wa mjini hulimwa.

Taka ngumu nazo zilifuata njia ya maji. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa ajili ya jaa lililowafukizia moshi, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuiongezea Halmashauri muda wa kuendelea kumwaga taka pale, akikumbusha haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Hukumu hiyo ni ya kujivunia. Lakini jaa lilihamia Vingunguti, juu ya bonde lile lile. Kisha Mtoni, karibu na Kizinga. Na mwisho Pugu Kinyamwezi, katika vilima vinavyotoa maji ya Msimbazi. Kila mtaa ulioshinda uliupelekea mwingine mzigo, na mvua ikaurudisha chini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za ubora wa maji za 2007, ziliweka vipimo vya maji yanayotolewa na kiwanda. Ni jambo jema, ila kipimo huhitaji mahali pa kuchotea, na ua usio na kuta wala mfereji wake hutoa maji kila upande. Paa juu ya lundo la chuma chakavu, ukingo wa saruji kuzunguka pipa la mafuta, na kidimbwi cha kutuliza tope ni vitu vya gharama ndogo kuliko maabara.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na baadhi ya waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi. Kazi kubwa ya mradi huo iko bonde la chini, kuelekea Selander. Nyua za Barabara ya Nyerere ziko juu yake.