Sehemu ya 4: Bodaboda akiumia, nani anamlipa?

Mama zangu na dada zangu wa Tarime na Serengeti, leo tumwongelee baba wa mtoto, yule anayetoka alfajiri na pikipiki kutafuta abiria Mugumu, Nyamongo au Sirari.

Jina la kazi yake lilizaliwa mpakani. Miaka ya 1960 kule Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana walivusha watu na mizigo kwa baiskeli, wakiita wateja "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Baadaye zikaja pikipiki za bei nafuu za India na China. Kwetu Tanzania, kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu rasmi pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni. Mwaka 2016 Uber ikaingia Dar es Salaam, na kazi ikaanza kugawiwa kwa simu.

Miaka yote hiyo, dereva akianguka ameumia peke yake. Wengi pikipiki si yao, ni ya bosi, na kila jioni wanapeleka hesabu. Sasa mfupa wa paja ukivunjika, ni miezi mpaka abebe abiria tena. Hesabu hakuna, unga hakuna, na mama aliyejifungua juzi anaingia sokoni kuuza dagaa kabla hajapona. Hawa tunawaona sana wodini.

Mwajiriwa yeye akiumia kazini analipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri, mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na baba siku 3. Bodaboda hapati hayo, eti "amejiajiri".

Kweli amejiajiri? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba uitweje, kama mojawapo ya mambo haya lipo: anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa za kazi, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea huyo mtu kwa kipato, au anamfanyia yeye tu. Bosi anaweza kupinga kwa ushahidi, lakini mlango upo.

Kwa hiyo dada, fanyeni haya mapema:

1. Makubaliano na bosi yaandikwe: hesabu ni shilingi ngapi, na akiumia inakuwaje. Kila malipo yawe na kumbukumbu.
2. Ajali ikitokea, chukueni PF3 polisi na mtunze karatasi zote za hospitali.
3. Msitegemee bima ndogo ya pikipiki. Hiyo inamlipa aliyegongwa, dereva mwenyewe haimlipi. Ulizeni NSSF, wanapokea waliojiajiri.
4. Mgogoro na bosi upelekeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ofisi ipo Musoma. Akiachishwa kazi, muda ni siku 30 tu.

Mwonyeshe mzee wa nyumbani posti hii leo, akiwa bado mzima. Sehemu ya 5 tutaongelea vibarua wa migodini.