Mume na Usiku wa Kwanza wa Mzazi

Wengi hudhani ya kuwa ni mila zetu tu zimwekazo mume nje ya wodi ya wazazi usiku. Tukiyachungua mambo yalivyokuja, tutaona kwamba hata jengo lenyewe lina neno.

Zamani katika Buhaya mwanamke alijifungua nyumbani, ndani ya kibanja chake cha migomba. Wanawake wazee ndio waliomhudumia. Mume aghalabu hakuingia, lakini alingoja karibu, akiitwa aitike.

Wamisionari walifika Kashozi mwaka 1892. Katika karne iliyofuata zilikuja hospitali, kama vile Ndolage, Rubya na Kagondo, ambazo leo zimo katika Wilaya ya Muleba. Wazazi wakapata wakunga waliofundishwa, na wengi wakapona. Lakini wodi nyingi za nchi zetu zilifuata mfano wa Ulaya, ambao Florence Nightingale aliusifu katika kitabu chake cha mwaka 1859: ukumbi mmoja mrefu, vitanda pande mbili, muuguzi mmoja awaone wote. Ukumbi huo wafaa kwa ulinzi, bali hauna sitara. Mume wa mmoja ni mgeni kwa wazazi wote waliolala humo. Basi jioni huambiwa atoke.

Kusitiriwa ni haki yao. Walakini usiku ule una hatari yake. Wazazi wengi wanaokufa kwa kutokwa damu hufa katika siku ya kwanza, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri mzazi akae kituoni walau saa 24. Muuguzi akiwa na wazazi wengi, aliyeketi kando ya kitanda ndiye atakayeona shuka imelowa, akaita.

Katika Kigoma, mkoa wa jirani, shirika la Thamini Uhai lilijaribu jambo hili kati ya mwaka 2016 na 2018: mama aliruhusiwa kuwa na mwenzi wakati wa kujifungua. Aghalabu wenzi hao walikuwa wanawake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri kila mama awe na mwenzi amtakaye yeye. Shauri hilo halimlazimishi mume kuingia, wala halimfungii nje.

Kwa hiyo wanaochora wodi mpya za Bukoba na Muleba, na wazee wa kamati za zahanati, yafaa waulize kabla msingi haujachimbwa: mzazi akimtaka mumewe usiku, atakaa wapi, na wenziwe watasitiriwa kwa ukuta gani?