Mnadhimu Mkuu
Mnadhimu ni mpangaji. Neno lina asili ya Kiarabu, mzizi mmoja na nidhamu. Hata mtunzi anayepanga vina na mizani hunadhimu. Katika jeshi la Tanzania, Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, Mkuu wa Majeshi huongoza askari, na Mnadhimu Mkuu ni msaidizi wake. Vyeo hivi havifai kuchanganywa. Tofauti hiyo ilionekana Kongo: Julai 1960 Victor Lundula, sajenti wa zamani aliyekuwa meya wa Jadotville (sasa Likasi), alipewa ujenerali na jeshi zima la Kongo, akimrithi Mbelgiji Émile Janssens. Mnadhimu wake akawa Kanali Joseph Mobutu. Septemba 14 mnadhimu huyo alitwaa madaraka. Lundula akaishia Stanleyville (sasa Kisangani).