Nihonga: uchoraji wa Kijapani na njia ya mwanafunzi wa Kasese na Bwera

Nihonga ni uchoraji wa jadi wa Kijapani unaotumia rangi za mawe yaliyosagwa, gundi ya wanyama, wino wa masizi, na karatasi au hariri. Jina lenyewe si la kale kama ufundi: lilienea katika miaka ya 1880, Wajapani walipotaka kuutofautisha uchoraji wao na ule wa rangi za mafuta uliotoka Ulaya. Mmarekani Ernest Fenollosa na Okakura Kakuzo waliutetea, na shule ya sanaa iliyoasisiwa Tokyo mwaka 1887 ikaufundisha. Shule hiyo leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo.

Kwa mkaazi wa Kasese, lililo karibu zaidi ni rangi. Kijani cha nihonga hutokana na malakaiti, na buluu yake na azuraiti. Yote mawili ni madini ya shaba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ambayo ilipelekwa Jinja kuyeyushwa. Hapa shaba ilijulikana kama mshahara na mabehewa. Kule, mawe ya ukoo huohuo husagwa na kupimwa kwa gramu. Chembe kubwa hutoa rangi iliyokolea, chembe laini hutoa rangi iliyopauka, hivyo jiwe moja huwa na ngazi nyingi.

Kabla ya kupaka rangi, mgeni hujifunza gundi. Huilowesha usiku kucha, huipasha moto bila kuichemsha, kisha huikanda na unga wa rangi kwa kidole katika kisahani cheupe. Ikipungua, rangi hupukutika. Ikizidi, mchoro hupasuka. Nyeupe hutoka katika makombe ya chaza, na karatasi hupakwa gundi iliyochanganywa na shabu ili isinyonye. Aliyezoea rangi za mafuta atachoka mapema, wala si kwa uvivu.

Serikali ya Japani hutoa ufadhili, na maombi hupitia ubalozi wake Kampala, zaidi ya kilomita 350 kutoka Bwera. Anayeomba kama mtafiti huhitaji shahada ya kwanza, kwa kawaida awe chini ya miaka 35, na huwasilisha picha za kazi zake. Hufuata mtihani wa lugha na mahojiano. Atakayefaulu hulipiwa karo na nauli ya ndege, na hupewa posho ya kila mwezi. Makoto Fujimura, Mmarekani aliyezaliwa Boston, alisoma nihonga Tokyo kwa ufadhili wa serikali hiyo katika miaka ya 1980, akaiendeleza sanaa hiyo kwao.

Ugumu halisi ni wa lugha, kwani fundi huelekeza kwa Kijapani. Kijana wa Bwera aliye na Lukonzo, Kiswahili na Kiingereza ataongeza ya nne. Akirejea, rangi ataziagiza kwa bei ya juu. Gundi, hata hivyo, hutokana na ngozi ya mnyama, na ngozi za ng'ombe Kasese zipo.